Wakili wa Mama Bett na mswada wa watoro: je, ni mtu mmoja?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma sheria, niko mwaka wa pili. Kwenye semina tulipewa kesi ya Brom na Bett dhidi ya Ashley, ya Massachusetts mwaka 1781, ambamo wakili Theodore Sedgwick aliwakomboa watumwa wawili mahakamani. Nilipomtafuta huyo Sedgwick nikalikuta jina lile lile katika Bunge la Marekani mwaka 1791, safari hii akiwasilisha mswada wa kuwakamata watumwa watoro. Wenzangu wanasema ni majina tu yamegongana. Ni mtu mmoja au wawili? Na kama ni mmoja, alikuwa upande gani?

Jibu: Marahaba. Ni mtu mmoja. Wenzako siwalaumu, maana mmoja wa wanawe naye aliitwa Theodore, naye akawa wakili na mtunga sheria huko huko Massachusetts, na vitabu vingi huwachanganya. Lakini wa 1781 na wa 1791 ni yule yule: aliyezaliwa West Hartford, Connecticut, Mei 1746, akafia Boston Januari 1813.

Kabla sijaendelea, kuna neno moja katika swali lako nataka kulitengua. Umesema Sedgwick "aliwakomboa". Kukomboa ni kutoa fedha au kutumia nguvu ukamtoa mtu alikofungwa. Hapa aliyeanza safari ni Bett mwenyewe. Aliondoka kwa bwana wake, akamwendea wakili, akamwuliza swali la kisheria. Sedgwick alilipokea swali hilo na kulipa umbo ambalo mahakama ingeweza kulisikiliza. Ni kazi kubwa, siipunguzi, ila ni kazi ya wakili. Ukilishika hilo tangu mwanzo, mengine yote aliyoyafanya hayatakushtua sana.

Sedgwick hakuzaliwa katika mali. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mdogo aliyegeuka mkulima, akafariki Theodore hajatimiza miaka 12. Kaka yake mkubwa, John, ndiye aliyejibana ili mdogo aende chuo cha Yale. Yule mdogo akafukuzwa kwa utovu wa nidhamu kabla ya kumaliza, na shahada yake alikuja kupewa miaka kadhaa baadaye. Akajaribu kusomea uchungaji, haukumkaa. Akahamia kwenye sheria, na sheria enzi zile hukuisomea darasani kama wewe. Ulikaa ofisini kwa wakili, ukanakili hati zake mpaka mkono ukauma, ukasoma vitabu alivyokuwa navyo, na siku mawakili wa wilaya waliporidhika nawe, ukaapishwa. Yeye alikaa kwa Mark Hopkins wa mji wa Great Barrington, magharibi mwa Massachusetts, akaapishwa mwaka 1766, kijana wa miaka kama 20. Muda si mrefu akafungua ofisi yake Sheffield, mji jirani.

Wakili wa shamba kama yeye alikula kwa madeni na mipaka. Fulani hajalipa, fulani kasogeza uzio, fulani kauza ng'ombe aliyekwisha wekwa rehani. Nakuomba uliweke hilo akilini, kwa sababu kila kitu Sedgwick alichokuja kufanya kina harufu ya hati ya deni.

Sasa tuingie nyumbani kwa Kanali John Ashley. Huyu alikuwa mtu mkubwa kupita wote Sheffield: ana ardhi, ana viwanda vya kusaga na kupasua mbao, na kwa miaka mingi alikaa kwenye kiti cha jaji katika mahakama ya madai ya wilaya ya Berkshire. Januari 1773, wakati mgogoro na Uingereza unapamba moto, wakubwa wa mji walikutana nyumbani kwake waandike malalamiko. Kijana Sedgwick ndiye aliyeshika kalamu. Azimio lile linaanza kwa kusema kwamba wanadamu katika hali ya asili wako sawa, huru, wala hakuna anayemtegemea mwenzake, na wana haki ya kustarehe na maisha yao, uhuru wao na mali yao bila kubughudhiwa. Hii ni zaidi ya miaka mitatu kabla ya Tangazo la Uhuru la 1776.

Katika nyumba hiyo hiyo alikuwepo mjakazi aitwaye Bett. Hakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa ametoka kwa baba yake Hannah, mke wa Ashley, familia ya Kidachi kutoka jimbo la New York, na bibi huyo sifa yake ilikuwa ukali. Habari za nyumba ile tunazo kutoka kwa binti yake Sedgwick, Catharine, ambaye baadaye alikuwa mwandishi wa riwaya na ambaye Bett alimlea tangu mchanga. Anasimulia kwamba siku moja Bi Hannah alipandwa na hasira kwa msichana mdogo aitwaye Lizzie, ndugu yake Bett (wengine husema alikuwa mwanawe), akachukua koleo la jikoni lililokuwa limepashwa moto mpaka likawiva na kumtupia pigo. Bett akaingilia kati, pigo likamwangukia yeye mkononi. Kovu lilibaki mpaka anakufa. Bett hakulificha. Alikuwa akiuacha mkono ule wazi makusudi, na wageni wakiuliza mbele ya bibi, "Bett, mkono huo umepatwa na nini?", jibu lake lilikuwa fupi: muulizeni bibi.

Ukiwa mwanafunzi wa sheria, liangalie jibu hilo vizuri. Ni ushahidi uliotolewa hadharani, mbele ya mtuhumiwa, na mtu aliyehesabiwa kuwa mali.

Mwaka 1780 Massachusetts ikapata katiba yake, iliyoandikwa kwa sehemu kubwa na John Adams. Ibara ya kwanza inasema watu wote wamezaliwa huru na sawa. Bett aliyasikia maneno ya namna hiyo. Kuna wanaosimulia kwamba aliyasikia yakisomwa hadharani, na kuna wanaosema aliyaokota mezani, akihudumia mabwana waliokuwa wakizungumza mbele yake kana kwamba yeye ni kiti. Vyovyote iwavyo, akaenda kwa Sedgwick na hoja ambayo kwa ufupi ni hii: karatasi yenu inasema kila mtu ana haki ya kuwa huru, na mimi si mnyama asiyesema, je, sheria haiwezi kunipa uhuru wangu?

Sedgwick akakubali. Wapo wanahistoria wanaoona kwamba yeye na wenzake walikuwa wakitafuta kesi ya majaribio, waone kama ibara ile ina meno au ni mapambo. Inawezekana, na sioni kama inamwondolea Bett chochote. Upande wake akamwongeza Tapping Reeve, wakili hodari wa Litchfield, Connecticut, ambaye miaka mitatu baadaye alianzisha shule ya sheria iliyokuja kuwa maarufu. Na kwenye madai akaongezwa Brom, mwanamume aliyekuwa naye akitumikia nyumba ya Ashley.

Nadhani semina yenu ilipita haraka hapa. Walifungua kesi ya aina gani? Hawakuomba mahakama itangaze kwamba utumwa ni haramu. Mei 1781 waliomba amri ya kurudisha mali inayoshikiliwa isivyo halali. Ni ile amri unayoiomba jirani akikushikia punda wako. Ofisa wa mahakama, kazi ambayo kwetu mara nyingi hufanywa na dalali wa mahakama, alitumwa kwa Ashley awatoe Brom na Bett kwa sababu Ashley hana haki ya kuwashikilia. Ashley akakataa: hawa ni watumishi wangu wa maisha. Na hilo ndilo walilotaka mawakili. Alipotamka hivyo tu, mzigo ukawa wake, aje mahakamani aonyeshe haki hiyo ya maisha ameipata wapi. Wakili wa madeni na ng'ombe alikuwa amemgeuzia kanali ufundi wa madeni na ng'ombe.

Agosti 1781 kesi ikasikilizwa Great Barrington, katika mahakama ambayo Ashley mwenyewe aliwahi kuwa jaji wake. Iliamuliwa na juri. Usiwafananishe na wazee wa baraza wa mahakama za Tanzania, ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Hawa ni raia wa kawaida, wakulima na mafundi wa wilaya, na wakishasema neno lao kuhusu mambo ya ukweli, limesemwa. Wakasema Brom na Bett si watumishi wa maisha wa Ashley, wala hawakuwa hivyo siku amri ilipotolewa. Wakawapa fidia ya shilingi 30, na Ashley akatakiwa kulipa gharama za kesi: pauni 5, shilingi 14 na peni 4.

Jalada la kesi limebaki, lakini lina madai, utetezi na uamuzi tu. Hoja za mawakili hazimo. Tunazipata kwa mlango wa nyuma: mtukufu mmoja wa Kifaransa aliyekimbia mapinduzi ya kwao alizunguka Marekani miaka ya 1790, akazungumza na Sedgwick na kuandika aliyoyasikia. Hoja ya kwanza, hakuna sheria iliyowahi kuanzisha utumwa Massachusetts, kulikuwa na mazoea tu. Ya pili, hata kama sheria hiyo ingekuwepo, katiba mpya imeifuta. Kati yetu, hoja ya kwanza ilikuwa dhaifu. Sheria za koloni za 1641 zilikataza utumwa kisha zikafungua mlango kwa mateka wa vita vya haki na kwa wageni "wanaouzwa kwetu", na mlango huo ulipitisha watu wengi. Ya pili ndiyo iliyobeba mzigo.

Ashley alikata rufaa, halafu vuli hiyo hiyo akaiacha. Kulikuwa na mashauri mengine yakiendelea, ya mtu aitwaye Quock Walker katika wilaya ya Worcester, na mwaka 1783 Jaji Mkuu William Cushing aliliambia juri waziwazi kwamba utumwa haupatani na katiba ile. Sensa ya 1790 haikuandika mtumwa hata mmoja Massachusetts.

Bett akachagua jina: Elizabeth Freeman. Kwa Kiswahili cha pwani ungesema amejiita Mwungwana, na neno letu limebeba zaidi ya lile la Kiingereza, maana mwungwana ni mtu huru na pia ni mtu mwenye adabu na heshima yake. Ashley alimwomba arudi kwa mshahara, akakataa. Akaenda kufanya kazi kwa Sedgwick, kwa mshahara, akawa pia mkunga na muuguzi anayeitwa na majirani, mpaka akanunua nyumba yake mwenyewe Stockbridge. Watoto wa Sedgwick walimwita Mumbet, yaani Mama Bett tu.

Mpaka hapo unaona shujaa. Sasa songa mbele miaka mitano.

Vita vilikuwa vimekwisha na wakulima wa magharibi mwa Massachusetts walikuwa wamezama kwenye madeni. Wengi walipigana bila kulipwa vya maana, na sasa serikali iliyo mbali Boston ilitaka kodi kwa sarafu ngumu, ambayo kijijini haikuonekana. Asiye nayo mahakama ilimnyang'anya ng'ombe, kisha shamba, kisha ikamfunga jela ya wadaiwa. Mwaka 1786 wakaasi. Jina la uasi ule limebaki kwa Daniel Shays, mmoja wa makapteni wao. Mkakati wao ulikuwa rahisi: mahakama isipofunguliwa, hakuna hukumu ya deni. Septemba 1786 waliizuia mahakama ya Great Barrington, mji ule ule ambao juri la wakulima lilikuwa limempa Bett uhuru wake.

Sedgwick hakuwa na huruma na uasi huo hata chembe. Alikuwa ameshapita katika bunge la jimbo na kwenye Kongresi ya wakati ule, na kwake yeye mtu anayezuia mahakama kukaa anabomoa nguzo pekee inayozuia watu kulana. Alisema hivyo kwa sauti kubwa, na waasi wakamkumbuka. Februari 1787 kundi moja liliingia Stockbridge, likapora nyumba za wakubwa na kufika kwake. Mwenyewe hakuwepo.

Aliyewafungulia mlango ni Mama Bett. Vyombo vya fedha vya familia alikuwa ameshavificha kwenye kasha lake mwenyewe. Akawatembeza chumba kwa chumba, koleo la jikoni mkononi (ndiyo, koleo tena), huku akiwachoma kwa maneno. Walipotaka kinywaji cha mabwana akawatolea bia nyeusi chungu. Wakaonja, nyuso zikakunjamana, wakasema kama hiki ndicho mabwana wanachokunywa basi wabaki nacho. Walipofika kwenye kasha lake wakataka kulifungua, akawageuzia kibao: mnaniita mtu duni, mweusi, na bado hamwoni aibu kupekua kasha la mtu duni kama mimi? Wakaona haya, wakaondoka. Fedha yote ilipona.

Sijui kama umeona picha ilivyokaa vibaya. Wale wakulima walioshindwa kulipa madeni walikuwa watu wa aina ile ile waliokaa kwenye juri la 1781. Na mwanamke waliyemweka huru sasa analinda fedha ya mwanasheria wao wa madeni. Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema Sedgwick hakuona mgongano wowote. Mkataba ni mkataba, katiba ni karatasi iliyokubaliwa, na mahakama iko pale kuzitekeleza zote mbili.

Mwaka 1788 alikuwa kwenye mkutano wa Massachusetts wa kuidhinisha Katiba ya Marekani, akapigania ipite, na ikapita kwa kura 187 dhidi ya 168. Ndani ya katiba hiyo kuna kifungu kinachosema mtu "anayewajibika kwa utumishi au kazi" katika jimbo moja akitorokea jingine hawi huru kwa sheria za huko, atarudishwa kwa anayemdai. Neno mtumwa halimo. Waandishi walilikwepa, na kila mtu alijua wanachokikwepa.

Tukafika 1791. Kisa chenyewe kilianza kinyume kabisa na kilivyoishia. Pennsylvania alikuwepo mtu mweusi, John Davis, aliyekuwa huru kwa sheria ya jimbo hilo ya 1780 kwa sababu bwana wake hakumwandikisha kama sheria ilivyotaka. Mwaka 1788 watu watatu wa Virginia walimteka wakampeleka kwao utumwani. Pennsylvania ikawashtaki kwa utekaji, gavana wake akaiomba Virginia iwatoe. Virginia ikakataa. Barua zikafika kwa Rais Washington, naye akalipeleka suala bungeni. Baraza la Wawakilishi likaunda kamati ya watu watatu: wawili wa Massachusetts, Sedgwick na Shearjashub Bourne, na Alexander White wa Virginia. Novemba 1791 Sedgwick akawasilisha mswada wenye mambo mawili: kuwarudisha wahalifu wanaokimbia kutoka jimbo hadi jimbo, na kuwarudisha watumwa watoro. Swali lilikuwa namna ya kumlinda mtu huru asitekwe. Jibu likaja na njia ya kumkamata aliyetoroka.

Rekebisha kidogo ulivyosoma: mswada wa Sedgwick haukupita. Ulilala, kisha Seneti ikaandika wa kwake, na huo ndio uliopigiwa kura na Baraza la Wawakilishi Februari 1793, 48 dhidi ya 7, Washington akautia saini. Kwa hiyo sheria ya 1793 huwezi kuiita yake. Lakini mlango aliufungua yeye.

Na sheria hiyo ilifanya nini? Anayedai kumiliki mtu, au wakala wake, angeweza kumkamata mwenyewe, akamfikisha mbele ya jaji au hakimu wa mahali, akatoa maneno ya mdomo au kiapo cha maandishi, na akipewa cheti aende naye. Ukimficha mtoro au kuzuia asikamatwe, faini dola 500. Juri hakuna. Ile njia aliyopita Bett, ya kumlazimisha bwana aje mbele ya wakulima wa wilaya athibitishe haki yake, haikuwekwa. Mzigo aliotwishwa Ashley mwaka 1781 sasa ulihamia kichwani kwa mtoro, na mtoro hakupewa jukwaa la kuutulia.

Hili ndilo jibu langu la "upande gani". Sedgwick alikuwa upande wa karatasi. Katiba ya Massachusetts iliposema watu wote wamezaliwa huru, aliichukua neno kwa neno hata ilipomuumiza rafiki na mkubwa wake. Katiba ya Marekani iliposema mtoro arudishwe, ilikuwa bei iliyokubaliwa ili majimbo ya kusini yabaki kwenye muungano, na yeye akaona lazima ilipwe, kama deni lolote. Wanaomwita mnafiki wanasahau kwamba mnafiki anajua anachokificha. Kwa maoni yangu huyu alikuwa na kasoro iliyo mbaya zaidi na ya kawaida zaidi kwa watu wa kazi yetu: alidhani akishatimiza mkataba amemaliza.

Maisha yake ya siasa yaliyobaki nitayapitia mbio. Alikaa Baraza la Wawakilishi tangu 1789, akahamia Seneti 1796 hadi 1799, akarudi na kuwa Spika kuanzia Desemba 1799 hadi Machi 1801. Alikuwa wa chama cha Federalisti, mtu wa Alexander Hamilton, mwenye kiburi kidogo na asiyeficha kwamba watu wa kawaida hawamvutii. Alikalia kiti cha Spika Februari 1801, Thomas Jefferson na Aaron Burr walipofungana katika uchaguzi wa rais kwa kura 73 kila mmoja na Baraza likalazimika kupiga kura mara 36 kabla ya Jefferson kushinda. Burr, kama hujui, alikuwa shemeji yake Tapping Reeve, wakili mwenza wa 1781. Nchi ilikuwa changa na wakubwa wake wote wakijuana.

Gharama ya haya yote aliilipa mkewe. Pamela Dwight, wa Stockbridge, aliolewa naye 1774 baada ya mke wake wa kwanza kufa kwa ndui. Walizaa watoto 10, wakakua 7. Mume yuko Philadelphia miezi na miezi, mke yuko kijijini na watoto, na ugonjwa wa akili ukamshika, ukaenda na kurudi mpaka alipofariki 1807. Aliyeshika nyumba ile ni Mama Bett. Wakati Pamela akizidiwa, watoto walikumbuka kwamba Mama Bett ndiye aliyeweza kumtuliza.

Mwaka 1802 Sedgwick aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Massachusetts, akakaa hapo mpaka kufa. Na hapa kuna kesi ambayo ninakuomba uisome, maana inanisumbua kila ninapojaribu kumfunga kwenye jibu langu hapo juu. Ni Greenwood dhidi ya Curtis, 1810. Mkataba ulifanyika Rio Pongo, kwenye pwani ya Guinea ya leo, wa bidhaa zilizopaswa kulipwa kwa watumwa. Deni likaletwa kudaiwa Massachusetts. Majaji wengi, wakiongozwa na Jaji Mkuu Theophilus Parsons, walisema mkataba ulikuwa halali ulipofanyika, basi deni linadaika. Sedgwick alipinga. Yeye, mtu wa madeni, aliyetaka wakulima wa Shays walipe mpaka senti ya mwisho, alisema mkataba wa namna hii ni mchafu kiasi kwamba mahakama yake haipaswi kuutekeleza. Alishindwa, akabaki peke yake na maoni yake.

Hapo hakuwa na ibara ya kwanza ya kushikilia, wala mteja wa kumtetea. Karatasi ilikuwa upande wa wenzake. Ninachoweza kusema ni kwamba kwa miaka mingi alikuwa ameishi nyumba moja na Mama Bett.

Sedgwick alikufa kabla yake. Bett alifariki Desemba 28, 1829, umri ukikadiriwa kuwa miaka 85, akazikwa Stockbridge ndani ya eneo la makaburi ya ukoo wa Sedgwick. Makaburi yale yamepangwa kwa duara, Theodore na Pamela katikati, wengine wote miguu ikielekea kwao. Wenyeji hutania kwamba siku ya kiyama akina Sedgwick watainuka wasione mtu yeyote ila Sedgwick wenzao. Hilo si kweli kabisa, maana watamwona na yeye: yuko mduara wa ndani, karibu na Catharine. Jiwe lake linasema hakujua kusoma wala kuandika, na kwamba katika kazi yake hakuwa na wa kumzidi wala wa kulingana naye.

Kwa semina yako, usiende na hukumu ya 1781 peke yake. Beba karatasi tatu: hati ya madai ya Mei 1781, sheria ya 1793, na maoni ya Sedgwick ya kupinga ya 1810. Kwa mbili za kwanza tafuta swali moja tu, nani anatakiwa kuthibitisha na mbele ya nani. Ya tatu waachie wenzako wabishane, ukianza na yule aliyesema ni majina kugongana.